Yai Likielea

Mnada wa tatu umepita, hela haijaingia.
Stakabadhi ipo chini ya godoro,
imeanza kushika umbo la mgongo wangu.
Dukani kwa Mchopa daftari limejaa:
mche mmoja, mche mmoja, nusu mche,
na pembeni ya kila mche jina langu
kwa kalamu nyekundu.
Sikwenda tena.

Nikachukua ndoo ya bluu, ile iliyotoboka,
nikaitandika nyasi na kipande cha gunia,
nikashindilia majivu:
ya mashina ya mpapai, ya maganda ya ndizi,
ya makumbi aliyonipa shemeji wa Mikindani.
Ya jikoni kwa jirani sikuyataka,
jirani huchoma chochote, hata ndala.
Maji nikayapima kwa kikombe.
Huku Newala maji ya mvua hayamwagwi ovyo;
hukopwa, na mwenye kisima hasahau.

Tone.

Nikapepeta mchele, nikabandika, nikaepua.

Tone.
Rangi ya chai iliyolala.

Binti Nampoto akachungulia uani:
"Umetega panya?"
"Nimetega sabuni."
Akacheka, akaenda, akarudi na yai la kuku wake.
"Nakuazima. Utanirudishia."
Akalitumbukiza. Likazama kama jiwe.
"Hayo bado ya kunawia miguu. Yarudishe juu."
Nikayarudisha juu mara tatu.
Kesho yake yai likaelea,
likatoa upara mdogo, sawa na sarafu ya mia.
"Haya," akasema. "Sasa usiyaguse."

Mimi nisiguse!
Mimi niliyebangua korosho miaka tisa,
nikaunguzwa na mafuta ya maganda
mpaka siku ya kusajili laini ya simu
mashine ikaniuliza vidole, nikaipa vyote kumi,
ikavikataa vyote kumi.
Kule tulijipaka majivu kabla ya kubangua
ili tusibabuke.
Na leo majivu hayo hayo
yamekaa ndooni, yananingoja nikosee.

Mafuta ya nazi yalikuwa yamechacha,
hayafai mboga wala nywele.
Nikayamimina. Nikakoroga.
Moshi machoni, mwiko mkononi, mkono wa kulia, wa kushoto,
wa kulia. Adhuhuri ikapita.
Ukawa uji.
Jioni uji. Usiku uji.
Asubuhi nikafunua sufuria, uji unaniangalia.

"Una chumvi?" Sauti ya Binti Nampoto, ng'ambo ya ua.
Nikadhani anaomba, nikampelekea kibakuli kizima,
ile ya mawe ya kutoka Lindi.
Akaingia, akaimwaga yote sufuriani
bila kuniuliza.
Uji ukakatika kama tui,
maji chini, na juu yake kitu kizito, cha kahawia,
kinanuka moshi na nazi.
Nikakikung'uta kwenye kopo la samli.
Siku thelathini uvunguni.
Juu yake godoro, juu ya godoro mimi,
na katikati yetu stakabadhi.

Shati la shule la Hashiri nilianza nalo.
Kola ikang'aa, kwapa zikang'aa.
Lakini mfukoni, alikoficha bibo akidhani sijui,
doa limekaa.
Nimelitia ndimu, nimelilaza kwenye umande,
nimelianika juani, nimelisugua hadi uzi ukanyanyuka.
Limekaa.
Basi likae. Hashiri ataonekana kwao ni wapi.

Jana mke wa Mchopa akamtuma mtoto:
"Mama anauliza, ile ya kahawia mnauza?
Anasema haimkwaruzi mikono.
Hela atatoa baadaye."
Nikamkatia kipande.
Nikavuta daftari la hesabu la Hashiri,
nikaomba kalamu nyekundu,
nikaandika: Mchopa, nusu mche.

Yai la watu sijarudisha bado.