Mlango wa Uani

Saa saba usiku, Wete, umeme umerudi.
Kwenye dirisha jeusi amri inaitika;
ndani ya kihariri, amri ile ile:
haijulikani.

Haijulikani vipi, nawe wa humu humu?

Nafungua faili la nukta, lile la mafichoni,
nusu yake mistari ya Faki
aliyeniachia kompyuta akenda Maskati.
Juu kabisa naandika: sema "nimefika."
Nawasha upya. Kimya.

Kumbe huyu kapita uani.
Hakupiga hodi mbele, hakukaa barazani,
nani amsomee habari za nyumba?

Nikainakili mistari kwenye faili la jikoni.
"Nimefika," akasema.
Lile dirisha la nje likasema mara mbili.

Nikaitikia: karibu.
Karibu tena.