Kuuza Maua

Kijana wa dodoso alikalia kinu changu, nikanyamaza:
mgeni hajui mwiko.
Kishikwambi pajani, akaanza na paa.
Makuti, nikasema. Upande wa jikoni mabati manne,
aliyaacha kaka yangu, alikufa kabla hajajenga.
Akabonyeza.
Baiskeli? Ipo, haina mnyororo.
Hilo hakuwa na pa kulibonyeza.
Mbuzi? Mmoja, wa Mashavu. Mimi namchunga,
mzao wa tatu ndio wangu.
Bado tuko wa pili.
Akaandika: sifuri.

Kisha akauliza, kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa,
"Bi Mwanjaa, kwa nini uliuza machungwa yangali maua?"

Mwanangu,
vuli ikifika Potwe yote hunukia,
hata choo hunukia harusi.
Ndipo pikipiki ya dalali inapoingia.
Hahesabu matunda, matunda hayapo.
Anahesabu miti, halafu anatuhesabu sisi:
nani ana mtoto wa kidato cha kwanza,
nani ana mtu Bombo.
Mwaka ule Semkiwa alikuwa Bombo, wodi ya wanaume,
mguu umevimba mpaka unang'aa.
Miti thelathini na miwili, laki mbili na nusu.
Mkataba karatasi ya daftari, ile yenye jedwali la kuzidisha nyuma yake.
Nikaweka dole gumba.

Ng'ambo ya mfereji ni kwa Mbelwa.
Michungwa yake na yangu ni ndugu,
baba yake na baba yangu waligawana miche kwenye toroli moja.
Udongo ule ule, mvua ile ile, wadudu wale wale.
Ila yeye ana duka:
chumvi, vocha, viberiti, mafuta ya kupima.
Hauzi mpaka Desemba, wakati chungwa limeadimika
na Fuso zinapanga foleni mlangoni kwake.
Nami nimewafundisha wanangu subira yavuta heri.
Sijawaambia inanunuliwa kwa nini.

Si mtu mbaya. Andika hilo kama pana nafasi.
Uji wa mgonjwa ulitoka kwake siku tisa.

Bwana shamba naye alikuja na kamba yake ya kupimia.
Mvua ya kwanza, mbegu ya dukani, mbolea kizibo kimoja kila shimo.
Nikaitikia. Nayajua.
Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta shambani,
shambani kwa Mbelwa, nikipalilia kwa elfu nne na chai.
Nilipofika kwangu, juma la tatu,
mahindi na magugu yalikuwa yamelingana kimo,
nikashindwa kujua nimsalimie nani kwanza.
Bwana shamba akaandika: mkulima mzito kubadilika.

Mwezi wa saba lori lilikuja.
Dalali alitafuta wachumaji, nikajiandikisha.
Nikapanda miti yangu kwa ujira,
tenga kwa tenga, mia tatu.
Kilua, mdogo wangu wa mwisho, akaokota moja lililopasuka, akalifyonza,
nami nikageuka kutazama nyuma
kama mama wa mwizi.

Kijana alinisomea majibu ya kuchagua.
Kukosa elimu ya soko. Kukosa ghala. Barabara mbovu.
Nikasema yote kweli, lakini siyo hilo.
Akatafuta chini kabisa, akabonyeza "Mengineyo",
akainuka kinuni, akajifuta vumbi, akashukuru.

Hiyo ilikuwa mwaka jana.
Leo maua yamefunguka tena, na mlio wa pikipiki nimeusikia tangu kwenye daraja.
Lakini juzi usiku mbuzi wa Mashavu amezaa.
Mzao wa tatu. Jike, masikio meupe.
Nitamwambia dalali miti ni ishirini na saba.
Ile mitano ya bondeni, nyuma ya mihogo, ameniulizia, nimesema imekufa.

Mguu wa Semkiwa umeanza kuuma tena,
kidogo tu, anasema,
jioni tu.