Bunduki ya Bei

Bunduki pekee iliyojaa dukani kwa Reino Koskela
ni hii niliyoishika mimi:
ya plastiki, ya kubandikia bei.
Naibana, inasema tak,
na kiboksi cha risasi ishirini
kilichoamka na dola ishirini na mbili
kinalala na thelathini na tisa.
Ukibandua karatasi utakuta karatasi,
na chini yake nyingine, kama kitunguu,
na macho yanawasha vilevile.

Huku Tamarak, juu kabisa ya Michigani,
baridi haibishi hodi. Mwezi wa kumi
ziwa linapumua ukungu hadi mlangoni
na watu wanaanza kuhesabu:
kuni, chumvi, siku zilizobaki kabla ya msimu wa kulungu.
Mwaka huu wamehesabu na risasi.
Kisa? Kila mtu ana chake.
Kiwanda kimeelemewa. Shaba imeadimika.
Serikali inazificha. Wenye hofu walizimaliza
kabla wenye njaa hawajavaa viatu.
Mimi nasikiliza, nabandika.

Jumanne, Lyle Vandermark alibeba viboksi kumi na viwili,
akalipa taslimu, akashukuru vizuri,
akavuka barabara, akafungua buti la gari,
akaanza kuuza kwa themanini.
Tulimwona dirishani, kati ya tangazo la chambo
na picha ya samaki aliyeshinda mwaka wa tisini na nne.
Watu wakapanga foleni. Wakanunua.
Kisha wakaja kututukana sisi.

"Mlanguzi!"
Reino akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Nikiuza kwa bei ya jana, Lyle anazikomba zote.
Nikiuza kwa bei ya Lyle, mimi ndiye Lyle.
Na mwenye lori la mzigo, bei ya jana haijui.
Nionyesheni bei ya haki ilipo, huyu binti ataibandika."
Mchungaji Ostrander akasema haki haina karatasi ya bei.
Kijana wa kiwanda cha mbao akasema soko ni soko,
asiyeweza na ale maharage.
Mtu akacheka.

Hakucheka Delphine Beaudry, mjane,
miguuni buti za marehemu, ndani soksi jozi tatu.
Kwake kulungu mmoja ni nyama mpaka Aprili.
"Nipe tatu," akasema. "Nyumbani ninazo mbili."
"Hatufungui viboksi, Delphine."
"Sikuomba kiboksi."
Nilimtazama Reino. Reino alitazama sakafu.
Nikapasua kifuniko kwa ukucha,
nikazihesabu kama mtu auzaye sigara mojamoja.
Ni madini laini, risasi, kabla haijawa kitu kingine;
babu yangu aliitia kwenye mshipi izamishe ndoana.
"Chukua tu," Reino akanong'ona.
"Usinihurumie. Niuzie."
Dola tano, senti themanini na tano.
Akazitoa moja moja kwenye kopo la kahawa,
na foleni yote ikasubiri.

Leo karudi. Theluji mabegani,
kifurushi cha maini kwapani, damu imetia doa gazeti.
"Nilipiga moja," akasema. "Ilitosha."
Akaweka mbili juu ya kaunta.
Zikabingirika, zikagota kwenye mashine ya pesa.
"Nirudishieni changu."
Reino akafungua droo, akasita.
Kiboksi sasa ni hamsini na mbili;
nilikibandika mwenyewe asubuhi, kabla ya chai.
"Kwa bei ipi, Delphine? Uliyonunulia, au ya leo?"
"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye mwenye duka."

Mchungaji akajifanya anachagua glavu.
Lyle, mlangoni, akasahau kufunga mlango,
na baridi ikaingia bila kulipa.
Wote wakanigeukia mimi,
mimi niliyeshika kile kidude cha plastiki,
kidole kwenye kifyatulio.
Nikatazama namba zake ndogo nyekundu.
Zinazungushwa kwa kidole gumba,
kwenda juu, na kumbe hata kurudi chini.
Sikuwahi kujaribu huko.
Zilikuwa zimekaza.