Omu Arobaini

Lilivutwa kwa kamba kutoka barabara ya Vurra,
Premio ya fedha, mkia wote vumbi jekundu,
dashibodi imewaka kama duka la Krismasi:
injini, breki, mkoba wa hewa, usukani,
kila taa inalalamika, hakuna inayotaja sababu.

Ayikoru akashuka na risiti mkononi.
Betri mpya. Pampu ya breki, mtumba, kutoka Kampala.
Kompyuta ya injini, laki sita, ikafungwa, ikarudishwa,
ikafungwa nyingine.
"Fundi," akasema, "wamebadilisha kila kitu isipokuwa mimi."

Sikugusa spana.
Nilimwomba Ezama ile mita yenye plasta tumboni,
nikalala chali chini ya usukani,
miguu nje kwenye jua la Arua,
nikapapasa soketi: tundu la sita, tundu la kumi na nne.

Hapo ndipo gari huongea.
Waya mbili zimesokotwa kama nywele za Jumamosi,
hii ikipanda volti, ile inashuka,
na katika tofauti yao injini huiambia gia,
gia huiambia breki, breki huuambia mshale wa mwendo.
Hakuna bosi. Kila mmoja humsubiri mwenzake amalize,
wakianza pamoja, mwenye neno zito hupita.
Vikao vya ukoo wetu vingekuwa hivyo
tungekula mchana.

Na kila ncha ina mlinzi, omu mia na ishirini,
ili neno likifika mwisho lifie hapo,
lisirudi mwangwi kuvuruga linalofuata.
Ukiwapima walinzi wawili kwa pamoja, unapata sitini.
Sitini ni uzima.
Mia na ishirini: mmoja katoroka.
Sifuri: waya zimelaliana.

Mita ikasoma arobaini.

Nikaipiga kofi. Arobaini.
Nikachomoa betri, nikaacha gari lilale,
tukanywa chai, nikarudi. Arobaini.
Ezama akakokotoa kwa kidole juu ya boneti yenye vumbi,
akafuta, akakokotoa tena.
"Mwalimu, hawa ni watatu."

Nimefungua magari miaka kumi na tisa.
Najua meno ya panya, najua kutu,
najua maji ya mvua ya Agosti yanavyojificha chini ya zulia.
Nilitoa redio, nikatoa sanduku la glavu,
nikafuata ule msuko kwa kucha, gizani,
mpaka kucha ikakwama kwenye tepu.

Kisanduku cheusi, kama kiberiti,
kimeziuma waya zote mbili.
Ndani yake, laini ya simu.
Kazi ya haraka, ya mtu aliyeambiwa kuna dakika kumi.

Nikakikata. Sitini.
Nikarudisha betri, nikazungusha ufunguo,
taa zikazimika moja moja, kama watu wanaotoka kwenye matanga,
na injini ikashika bila kukohoa.

Ningeweza kusema: waya ulikatika, mama, lete elfu themanini.
Ezama alikuwa ananitazama.
Nikamwekea kile kitu kiganjani.
"Nani mwingine ana ufunguo?"

Ayikoru alikigeuza, akakigeuza.
"Ediofe tulisimama wawili," akasema,
"mbele ya padri. Wawili tu."
Hakulia. Alihesabu pesa, akaongeza ya chai,
akaomba tepu na kipande cha waya wa betri.

Ng'ambo ya barabara lori la tumbaku lilikuwa linafunga turubai.
Nilimwona akiinama nyuma ya taa zake, kama anafunga kiatu.

Siku ya nne simu yangu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya heshima.
Kuna kifaa amekifunga kwenye gari la mkewe, kwa usalama,
na mkewe yuko jikoni, anamsikia anakaanga,
lakini kifaa kinasema gari liko Yei.
Je, fundi, kimeharibika?

Nikamwambia kilete, nikipime.