Mtalii wa Kiboriloni

Mama hakunikataza. Alikung'uta koti la kaki
lililokosa mnunuzi tangu Pasaka,
akalipima mabegani mwangu mbele ya wateja,
akasema, "Baridi ya huko hatuijui."
Kisha, kwa sauti ya chini: "Nani amekuita?"

Hakuna aliyeniita.

Moshi tunawajua watu wa mabegi.
Wanashuka stendi, shingo zimeungua jua,
wanautafuta mlima mawinguni
kama mtu anayepapasa swichi gizani,
nasi neno lao tunalo tayari: mtalii, karibu.
Mimi nilivaa begi la aina ile ile
(Mama alilichomoa kwenye robota, zipu moja mbovu)
na Tunduma, kabla sijafika dirishani,
nikaulizwa: "Unauza nini?"

Siuzi.
"Unamfuata nani?"
Simfuati mtu.
"Mume anajua?"
Nikatoa kadi ya homa ya manjano.

Chirundu walilimwaga begi mara tatu,
wakahesabu soksi, wakanusa sabuni.
Afisa mmoja, mpole, akaninong'oneza
kama anayemfariji mfiwa:
"Dada, sema tu. Vitenge umevificha wapi?"
Nyuma yangu kijana mwekundu kama nyanya
aligongewa muhuri huku anatafuna karanga.

Basi nikajitafutia shughuli.
Kila mji niliposhuka niliuliza njia
ya kwenda mahali nguo zinapomwagwa chini.
Mama yangu anauza, nikasema, Moshi,
kibanda cha nne ukitokea barabarani.
Lusaka wakaniambia: hapa ni salaula, pekua.
Mutare ni mabhero, na mwenye meza, Rudo,
alinilaza na wanawe siku nne
nikimsaidia kukata kamba.
Chimoio ni kalamidade, maana yake maafa;
walinitafsiria wenyewe, wakacheka wenyewe.

Maporomoko makubwa sikuyaona.
Nauli ya kwenda huko ilikuwa nauli ya kurudi.
Niliiona Tete saa nane mchana, mbwa wamelala
chini ya lori, na dereva wa vitunguu
akanikatia nusu ya muhogo wake
asiniulize kitu, mpaka Blantyre.
Kaunjika, alisema tu, akinishusha sokoni.

Karonga pesa ziliisha, mvua ikaanza.
Koti nikaliuza kwa fundi baiskeli
aliyelivaa papo hapo, akafunga vifungo vyote.
Kwa hiyo Kasumulu, waliponiuliza unauza nini,
nilikuwa na jibu: koti moja, limekwisha.
Wakagonga muhuri bila kuinua macho.

Miezi mitano. Nimemkuta alfajiri
amepiga magoti juu ya robota jipya, kisu mkononi.
Hakunikumbatia. Alinitazama mabegani.
"Koti?"
Nimeuza.
"Bei gani?"
Nikamtajia. Akapiga hesabu, midomo ikicheza.
"Wamekupunja, Aikande," akasema,
akacheka hadi akakaa chini.

Siku nzima alinitaka nirudie majina.
Saa sita alikwisha kuyapandisha sauti:
salaula mia tano! mabhero! kaunjika ya leo hiyo!
Jirani yake, Mama Ndelilio, akadhani ni malaria.

Jioni, tukifunga, akavuta kopo la maziwa
kutoka chini ya meza. Sijawahi kuliona.
Ndani, vitu vya mifukoni, vya miaka kumi na tisa:
funguo, risiti, jino la mtoto kwenye karatasi,
tiketi za treni za nchi ambazo nguo
zilipita bila kuulizwa kitu.
Nikamwagia humo sarafu zangu zilizobaki,
kwacha na metikali, zisizonunua hapa hata kitumbua.

Akachagua tiketi moja, akainyoosha pajani.
"Hapa wameandika wapi?"
Nikasoma. Nikasoma tena.
Sijafika, Mama.
"Mh," akasema. Akairudisha,
akafunika kopo, akalisukuma upande wangu.