Kiwango cha Chini: Kimoja

Mwezi wa pili tangu mfumo uingie hapa Duqm
na mimi bado naota kwa namba.
Saruji si saruji tena, ni tarakimu kumi na mbili;
msumari wa nchi tatu una jina refu
kuliko ukoo wa baba yangu.

Alikuja kijana kutoka Maskati, viatu havina vumbi,
akatufunza siku tatu, mimi na Kuriakose wa mahesabu:
bonyeza hapa, pokea; bonyeza hapa, toa.
Kisichoandikwa, akasema, hakipo.
Nikacheka kimoyomoyo. Bibi yangu,
aliyezaliwa Wete akazikwa Ibra,
aliyasema hayo hayo dukani kwake bila umeme:
mali bila daftari hupotea bila habari.

Nikaupenda mfumo, sitasema uongo.
Zamani nondo zilitoka getini usiku
zikalala kwenye zege la nyumba ya mtu.
Sasa Mhandisi Suleyum akitaka tani nane
kioo kinamjibu kabla sijafungua mdomo:
zipo sita, mbili zatoka Suhar,
lori limelala Sinaw.

Ila upepo wa Duqm hauna neno la siri.
Unajipenyeza chini ya turubali na chumvi yake,
na asubuhi mifuko thelathini na saba imekuwa mawe.
Kioo kinasema ipo. Mkono unasema haipo.
Nilipotaka kuifuta, mfumo ukaniuliza: Sababu?
ukanipa nne nichague:
imetumika, imerudishwa, imeibwa, imehesabiwa vibaya.
Unyevu haumo.
Nikachagua ya nne. Mungu anisamehe,
nilihesabu vizuri.

Na zile saa za Juni hadi Agosti,
sheria inapowaweka watu kivulini
toka saa sita na nusu hadi tisa na nusu,
jedwali linazipaka nyekundu: saa zisizozaa.
Nimewaona wamelala ubavuni mwa kontena,
kivuli kimewaishia magotini, nyayo ziko juani.
Zinazaa. Zinazaa jioni.

Bishnu, fundi wa mbao za zege, alikuwa 20418.
Alichota misumari kwa kiganja, akasema "kilo mbili",
na mizani ikaona haya kumpinga.
Kikombe chake cha bati alikiacha rafuni kwangu,
maana kwenye chumba cha watu wanane
vitu vina miguu.

Jumanne moja hakuja. Wala Jumatano.
Nikamtafuta kama nitafutavyo pampu:
*Rasilimali 20418. Imehamishwa.
Kutoka mradi wa pili kwenda mradi wa saba.
Hali: imekamilika.*

Mradi wa saba uko wapi?
Kuriakose akavua miwani. Salala, labda. Au Musandam.
Kwake yeye ni safu tu, iliyo kulia kwa ya sita.

Imehamishwa. Si *amehamishwa*.
Irabu moja tu, na mtu kaingia ngeli ya ngazi,
ya pampu, ya mashine ya kukorogea.

Bibi, daftari lipo. Mali ipo, hadi msumari.
Mtu ndiye aliyepotea,
na habari zake ninazo, zimechapwa, zina muhuri.

Leo kabla ya kufunga nimefungua ukurasa wa bidhaa mpya.
Maelezo: kikombe cha bati, mpini umefungwa waya.
Idadi: kimoja.
Thamani: riali sifuri, na baisa sifuri mara tatu.
Mahali: ghala la pili, rafu ya juu.
Kiwango cha chini: kimoja.

Siku kitakapotoka hapa, kwa mkono wa yeyote,
taa nyekundu itawaka hadi Maskati,
na mtu fulani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi,
itambidi aulize
ni cha nani.