Mkono Kichwani

Utotoni Mama alinipiga vikofi:
"Toa mkono kichwani! Unamlilia nani?
Unataka kutuitia msiba?"
Leo, saa tisa za usiku, Splott, mjini Cardiff,
mkono wangu wa kushoto umelala utosini
kama paka aliyekataa kushuka,
kwa kuwa ni hapo tu
moto unapopungua.

Ulianza Novemba.
Msichana wa chuo alitaka rasta nyembamba mpaka kiunoni.
Saa saba nimeinama, chanuo mdomoni,
mvua ikikwaruza vioo vya mtaa wa Clifton.
Kitu kikachomoka chini ya kisogo,
kikapita nyuma ya bega, nyuma ya mkono,
kikatua kwenye kidole cha kati
kama mgeni anayekijua chumba chake.

Nilimaliza. Bila shaka nilimaliza.
Kinyozi hajinyoi, na msusi haoni kisogo chake.

Shemeji Mbarouk akasema ni baridi ya dirisha.
Bi Tabasamu wa duka la mitandio akasema kijicho.
Dada yangu akapiga kelele simuni: "Wa kushoto? Moyo huo!"
Basi hospitali, waya kifuani,
na moyo wangu ukachora vilima vilivyolingana,
kazi safi, nikaisifu kimsusi.
Haukuwa moyo.
Nikapewa vidonge, na wiki tano za kungoja foleni.

Gethin, tabibu wa viungo, ana mikono ya baridi
na huiombea radhi kabla haijagusa.
Aliuliza nisiyoyatarajia:
Unajikwaa? Vifungo vya nguo vinakushinda?
Haja ndogo unaimudu?
Nikaona haya, nikajibu kuwa niko salama kwa hayo yote,
naye akashusha pumzi.

Kisha kiti kikawa changu,
kichwa cha kupindwa kikawa changu.
Akakilaza kushoto, akakandamiza utosi kidogo tu:
radi, mpaka kidoleni.
Akagonga nyuma ya kiwiko cha kulia kwa nyundo ya mpira,
mkono ukaruka kama mtoto aliyeitwa.
Akagonga cha kushoto. Kimya.
Akagonga tena.
Mkono ulikuwemo ndani, haukufungua.

"Kuna kinachokupunguzia?"
Nikasita. Nikamwonyesha, kiganja utosini,
mfiwa bila maiti.
Akacheka, si kwa dhihaka: "Hapo hapo!"
Ukiinua mkono, mshipa wa fahamu hulegea.
Mama, ile ishara uliyoiogopa
ndiyo iliyonisemea kwa tabibu.

Akachukua shingo ya plastiki, akanionyesha
kijito laini kati ya pingili ya sita na ya saba,
kimefura ubavuni, kinaubana mshipa unapotoka:
mlango uko shingoni,
kilio kiko kidoleni.

Kisu? Bado.
Wengi hupona bila kisu, mwili ukila uvimbe wake taratibu.
Nguvu ikizidi kupungua, nirudi mbio, tupige picha.
Kwa sasa, vidonge vya usiku
vinavyoniotesha nikigombana na chanuo,
na mazoezi: vuta kidevu nyuma
kama aliyetajiwa bei ya wizi sokoni;
nyoosha mkono kama mbeba sinia,
urudishe kabla haujalalamika.
Kiti cha wateja nimekiinua kwa mbao mbili.
Wapande wao, mimi nisimame wima.
Saa moja, kisha chai, hata akinuna.

Sasa ni Machi. Maumivu yanarudi yalikotoka,
yamehama kidoleni, yamehama kiwikoni,
yapo begani yanafungasha.
Gethin anasema huko ndiko kupona.
Kidole cha kati bado kimevaa soksi;
nagawa nywele kwa macho.

Jana Mama kanipigia, kaniona kwenye kioo cha simu
nimelala vilevile.
"Wewe! Toa mkono kichwani!"
Nikautoa. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo.
Mwezi uliopita sikupita ishirini.
Nimefika sitini na tatu,
na Mama bado yuko kwenye harusi ya jirani,
pilau haijapakuliwa.